Pipa Lililovishwa Nyasi

Chungu kikubwa cha nyumba ya Pheello kilipasuka asubuhi moja ya baridi kali. Hakuna aliyekigusa. Kilikuwa mahali pake nyuma ya mlango, kimefunikwa blanketi kuukuu, kikichachua uji wa mtama kama miaka yote. Baridi ya milimani iliingia ndani ikakikuta. Kikalia "ta!" Uji ukatambaa sakafuni hadi kwenye mkeka wa kulalia.

'Malipuo aliruka kutoka kitandani. Alisimama katikati ya uji, mikono kichwani.

"Mme!" alimwita mama mkwe wake, kwa neno la heshima kwa kila mama. "Mme, njoo uone! Chungu chako kimetuacha."

Bibi 'Mapheello aliingia akijifunga blanketi begani. Alikuwa mfinyanzi, na chungu kile alikifinyanga alipokuwa bi harusi. Aliinama akaokota kigae kimoja, akakigeuza.

"Kilikuwa na umri kumzidi mume wako," alisema. "Na akili pia."

"Nimesikia," Pheello alisema kutoka chini ya blanketi.

"Nilitaka usikie."

Watoto wawili walicheka. Mkubwa alikuwa Lipuo, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule. Mdogo alikuwa Nthati, bado wa kubebwa mgongoni. Siku alipozaliwa Lipuo, jina la usichana la mama yake lilikwisha. Akawa 'Malipuo, mama Lipuo, sokoni na kanisani, mpaka siku ya kufa.

Lipuo alichovya kidole kwenye uji uliomwagika, akalamba.

"Bado mtamu," alisema. "Tuite ng'ombe au tuule wenyewe?"

"Toka hapo, mdomo wako utajaa vumbi," mama yake alisema, lakini naye alikuwa anacheka. Kisha akamgeukia bibi. "Mme, utatufinyangia kingine?"

"Kwa udongo gani?"

Bibi alielekeza kidevu chake nje, chini bondeni.

Bondeni palikuwa na bwawa. Zamani palikuwa na mashamba, na kando ya mto palikuwa na udongo mweusi wa kufinyangia, laini kama siagi. Wanawake wa vijiji vyote waliuchimba pale. Siku moja walikuja watu na magari meupe. Walihesabu nyumba. Walihesabu mashamba na miti ya matunda. Udongo wa wanawake hawakuuhesabu. Nyasi za kufumia vikapu hawakuzihesabu. Bibi 'Mapheello alisimama mbele ya mkutano akauliza, "Na udongo wetu?" Wale watu walitazamana wakatabasamu. "Bibi," walisema, "udongo uko kila mahali."

Maji yakapanda. Mpaka leo yamelala pale yanang'aa. Yanapita ndani ya mlima kwa njia iliyochimbwa, yanakwenda nchi jirani kumwagilia bustani za watu. 'Malipuo anayatazama kila siku akiwa njiani kwenda chemchemi yenye tope, ndoo kichwani. Ukikumbusha habari hizi unaitwa mkorofi. Basi na tuitwe.

*

Wakati wa kuogesha kondoo, Pheello alifanya kazi kwenye josho. Kazi yake ilikuwa kumimina dawa ya upele kwenye maji, kisha kuwazamisha kondoo mmoja mmoja. Msimamizi wa josho alikuwa na desturi yake. Malipo yakipungua, aliongezea mapipa matupu ya dawa. "Chukueni, ni mali hii," alisema. Wanaume walifurahi.

Pheello alirudi nyumbani na pipa la plastiki la bluu mgongoni mwa punda. Alilikata mdomo kwa kisu cha moto.

"Chungu chenu hiki," alisema. "Hiki baridi haikipasui."

'Malipuo alichungulia ndani, akarudisha kichwa haraka.

"Linanuka, ntate," alimwambia mumewe kwa heshima.

"Linanuka kondoo. Mimi nanuka kondoo. Mbona mimi hunitoi nje?"

"Nimeshafikiria mara nyingi."

Walicheka. 'Malipuo alilisugua pipa kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikamuwasha. Harufu ilipungua, haikuisha. Ubavuni palikuwa na karatasi iliyogandishwa, yenye maandishi ya kigeni. Juu ya maandishi palikuwa na picha ya kichwa cha mtu kisicho na nyama, na mifupa miwili.

"Na hiki kichwa?" aliuliza.

"Alama ya kampuni," Pheello alisema. "Kama chapa ya ng'ombe." Hakusema uongo. Ndivyo alivyodhani, na hakuna mtu pale joshoni aliyewahi kumwambia vingine.

Lipuo alijificha nyuma ya mama yake. "Mama, linanitazama."

"Basi tutalifumba macho."

Na kweli, 'Malipuo alilivisha pipa. Bibi alimfundisha. Walisokota nyasi zikawa kamba nene, wakaizungusha kamba kutoka chini hadi juu na kuishona, kama wazee walivyoshona vikapu vikubwa vya kuwekea nafaka. Juu ya nyasi walipaka udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ulipoanza kukauka, 'Malipuo alichora kwa vidole vyake, mistari iliyopinda kama matuta ya shamba, vile vile wanawake wanavyopamba kuta za nyumba. Lipuo alipewa sehemu yake. Alichora mistari miwili ikikutana, akabandika katikati kijiwe cheupe.

"Hili ni jicho zuri," alisema.

Kile kichwa hakikuonekana tena. Pipa lilionekana kama kitu kilichozaliwa katika nyumba ile.

Majirani walikuja kulitazama. Kisha walikuja kunywa. 'Malipuo alipika pombe ya mtama, na sifa zikaenea.

"Pombe ya 'Malipuo ina mkono!" mzee mmoja alisema akijifuta macho. "Nimekunywa kata moja tu, machozi yananitoka kama nimefiwa."

"Ukinywa kwake unawakumbuka wote uliowakosea," mwingine alijibu.

"Basi wewe usimalize kata, tutakesha hapa!"

Watu waliumwa vichwa. Mmoja alitapika nyuma ya zizi. Walisema ni pombe nzuri, kali. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni kali.

Chombo cha kuchachulia hakioshwi mpaka kung'aa. Huachwa machicha kidogo chini, ili uji au pombe inayofuata ipate chachu. Lipuo aliyapenda yale machicha. Aliinama ndani ya pipa na kijiko chake, miguu ikielea nje, akakwangua na kula.

Siku moja alitoka ndani ya pipa akasema, "Mama, macho yangu yanamwaga maji."

"Nenda kaoshe uso."

Hakufika kwenye ndoo. Alianguka. Udenda ulimtoka mdomoni kama povu la sabuni. Alitapika. Mwili ulitetemeka, nyama za mikono zikichezacheza zenyewe chini ya ngozi. Bibi alimpakata. Pheello alikimbilia farasi. Kabla hajafunga tandiko, Lipuo alikuwa amekwisha kufa.

*

Walimzika nyuma ya zizi, chini ya mawe. 'Malipuo alivalishwa kitambaa cheusi cha matanga.

Mtabiri mmoja aliitwa. Alinusa huku na huku, akafumba macho, akasema, "Mkono ulioua umo humu humu ndani." Akachukua mbuzi wa ujira wake akaenda zake. Neno lake lilibaki.

Macho ya 'Malipuo yalianza kumfuata mama mkwe. Nani alimpakata Lipuo mpaka akafa? Nani alijua dawa za mizizi? Nani hulala macho wazi? Jioni moja alimkuta Nthati amelala mapajani mwa bibi. Alimnyanyua bila kuomba radhi.

"Mme, usimpakate tena."

Bibi alibaki na mikono wazi. "Kwa nini, mwanangu?"

"Usimpakate tu."

Tangu siku hiyo bibi alikula peke yake, katika kibanda kidogo cha jikoni. Vijijini habari hazina mguu lakini zinafika. Wanawake walianza kuvuka njia wakimwona. Watoto waliambiwa wasipokee chakula chake. Yeye aliyewafinyangia nusu ya vyungu vyao.

Pheello aliona. Kati ya mama na mke alichagua kutazama chini.

Miezi ya matanga ilipita. Pipa la kwanza, lililotolewa nje tangu msiba, lilikuwa limepasuka kwenye barafu licha ya maneno ya Pheello. Pheello alileta lingine kutoka joshoni, kubwa zaidi, kwa sababu ilibidi kupika pombe ya kuvua matanga, siku ya kuondoa kitambaa cheusi. 'Malipuo alilivisha hili la pili peke yake. Alifunika karatasi na kile kichwa. Alipofika kwenye mapambo, vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye mistari miwili inayokutana. Akatafuta kijiwe cheupe, akakibandika katikati.

Alikaa chini akalitazama pipa. Alilia mpaka akachoka.

*

Siku moja kabla ya shughuli, mchana, aliingia Seipati.

Seipati alikuwa jirani yao. Watu walimwita Mdomo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya matunda ng'ambo ya mpaka. Huko alidai glavu kwa ajili ya wanaopulizia dawa miti, akafukuzwa. Lipuo alipofariki hakuwepo. Sasa alikuja na mzigo wa kuni kichwani.

"'Malipuo, dada yangu. Nilipata habari nikiwa mbali. Nimekuja kulia kwanza, kunywa baadaye."

"Karibu. Kaa. Mimi sina machozi, utalia peke yako."

"Nitakulilia na ya kwako."

Walikaa. Pipa lilikuwa pembeni likichemka polepole lenyewe kwa chachu, blanketi likiwa begani mwake kama mtu. Pombe ilikuwa bado changa. Asubuhi 'Malipuo alikuwa amemchotea Nthati kikombe cha juu juu, kitamu, kama watoto wote wanavyopewa.

Nthati aliingia kutoka nje. Alikuwa anapepesuka.

"Mama," alisema, "maji."

Machozi yalikuwa yanamtoka, naye halii. Udenda ulimshuka kidevuni. Alikunja tumbo akatapika, miguu ikakosa nguvu.

'Malipuo alipiga ukelele usio na neno. Alikuwa ameuona ugonjwa huu. Aliujua kila hatua yake na alijua unakwenda wapi. Alitoka mbio mpaka kibanda cha jikoni.

"Umemfanya nini?" alimpigia kelele bibi. "Mmoja hakukutosha?"

Bibi alisimama. Alikuwa na kikombe cha maziwa mkononi. "Nimesikia anatapika. Mpe maziwa, mwanangu. Mpe upesi."

"Maziwa hapana!" Seipati alipiga kelele kutoka ndani. "Msimpe kitu! Wala msimtapishe! Njooni hapa!"

Walimkuta amemlaza Nthati ubavu, ili matapishi yasimwingie kooni. Alikuwa amemfunua jicho kwa kidole.

"Tazama mboni," alisema. "Tazama ilivyokuwa ndogo. Kama tundu la sindano. Hivi ndivyo walivyokuwa wenzangu shambani. Hii ni sumu. Mtoto amekula nini? Amegusa nini?"

"Hajala kitu. Kikombe cha pombe changa tu."

Seipati aligeuka akalitazama pipa. Alitazama nyasi, mapambo, kijiwe cheupe. Alivuta pumzi kwa pua.

"Ndani ya mavazi haya kuna nini?"

"Pipa."

"Pipa la nini?"

Hakungoja jibu. Alichomoa kisu cha jikoni, akachana nyasi kutoka juu hadi chini. Udongo ulianguka vipande vipande, kijiwe kikaruka kikapotelea sakafuni. Karatasi ikatokea. Kichwa kisicho na nyama kiliwatazama wote watatu.

*Mama, linanitazama.*

'Malipuo aliisikia sauti kama mtoto yupo pale mlangoni. "Tuliambiwa ni alama ya kampuni," alisema.

"Hiyo si alama ya kampuni," Seipati alisema. "Hiyo maana yake ni hii: ndani kuna kifo. Duniani kote ni hivyo hivyo, hata kwa asiyejua kusoma. Mvueni mtoto nguo, zimelowa. Mwosheni kwa maji na sabuni, kichwa pia. Nanyi mnawe mikono. Pheello! Farasi!"

Kisu kilifanya kazi tena. Seipati alikata kipande cha plastiki chenye karatasi, akakifunga kwenye kitambaa.

"Hiki tunakwenda nacho. Nesi lazima ajue sumu ya aina gani."

Bibi 'Mapheello ndiye aliyemwosha Nthati, huku mama yake akimimina maji. Hakuna aliyemkataza.

*

Zahanati iko nyuma ya mlima. Pheello alimshika mtoto mbele ya tandiko, amelala ubavu. 'Malipuo na Seipati walifuata kwa miguu wakikimbia. Njia nzima 'Malipuo hakumwomba Mungu. Alihesabu hatua za farasi kwa mbali, akitazama mgongo wa mumewe. Akimwona amesimamisha farasi, alijua moyo wake utasimama.

Farasi hakusimama.

Nesi alitazama macho ya Nthati, akasoma ile karatasi, akaita mwenzake. Walimchoma sindano. Wakangoja. Wakachoma nyingine. Udenda ulipungua. Kifua kilianza kupanda na kushuka kama cha mtu.

"Ataishi," nesi alisema mwishowe. "Mikono inaweza kukosa nguvu kwa muda. Mingine hupona kabisa, mingine hapana. Lakini ataishi. Mmefanya vizuri kuja na karatasi."

"Niliosha pipa," 'Malipuo alisema. "Niliosha kwa majivu, mara nyingi."

"Mme, lisingetakata hata ungeliosha mwaka mzima. Plastiki hunywa dawa kama ardhi inavyonywa mvua. Halafu unatia kitu kichachu, kinakaa siku kadhaa. Kile kichachu kinaivuta dawa itoke. Mtu mzima huumwa kichwa, hutoka machozi, hutapika. Mtoto ana mwili mdogo."

'Malipuo aliuliza swali ambalo Pheello alikuwa anaomba asilisikie.

"Mwaka jana tulikuwa na mkubwa. Macho yalimtoka maji. Udenda. Nyama zikicheza. Alikuwa anakwangua machicha. Ilikuwa hii?"

Nesi alitazama sakafu.

"Sikumwona, mme. Lakini nadhani ndiyo."

"Nilimpa kijiko mimi," 'Malipuo alisema. "Nilimtafutia kijiko chenye mpini mrefu, afike chini."

Nesi alimfunika Nthati blanketi.

*

'Malipuo aliporudi nyumbani na Nthati alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha jikoni. Alipiga magoti mlangoni.

"Mme. Nilidhani ni wewe."

"Najua ulidhani. Kijiji kizima kinajua."

"Naomba unisamehe."

Bibi alikoroga sufuria kwa muda mrefu. "Uliniondolea mtoto mapajani," alisema. "Ndani ya nyumba niliyoijenga mimi. Mikono yangu imekuwa baridi mwaka mzima. Unataka nikwambie si kitu? Ni kitu." Akaweka mwiko chini. "Inuka. Ukipiga magoti hapo unaziba mwanga, na mtoto anataka kula."

Jioni Pheello alikaa kwenye jiwe la nje.

"Mimi nililileta," alisema.

"Mimi nililivisha," alisema 'Malipuo.

"Gawaneni mkimaliza mniite," Seipati alisema. Alikuwa amesimama mbele yao, mikono kiunoni. "Na aliyewapa je? Yeye kusoma anajua. Dawa anaiuza. Kichwa kile anakiona kila siku. Aliwapa sumu badala ya jasho lenu, nanyi mkasema asante. Yeye hamumpi hata fungu dogo la hatia? Mnakula yote wawili?"

Pheello aliinua uso.

"Na nguo zako za joshoni," Seipati aliendelea, "usiziingize ndani. Zifuliwe peke yake, na wewe uoge kabla hujambeba mtoto. Umenisikia, ntate?"

"Nimesikia."

"Haya. Kuna mapipa mangapi kijijini?"

Yalikuwa mengi. Kesho yake 'Malipuo alivaa kitambaa chake cheusi, kwa sababu matanga hayakuvuliwa, akapita nyumba kwa nyumba pamoja na Seipati. Pombe ya shughuli walikuwa wameimwaga kwenye shimo refu, mbali na chemchemi, mbali na mifugo. Sasa walitoboa mapipa kwa msumari wa moto, nje, wakisimama upande upepo unakotoka, ili wasivute moshi. Pipa lenye tundu halimdanganyi mtu.

Haikuwa rahisi. Watu hawapendi kuharibiwa vitu.

"Langu ni la maji tu," alisema mama mmoja akilikumbatia pipa lake. "Si la chakula."

"Na hayo maji unayanywa kwa sikio?" Seipati aliuliza.

"Tumelitumia mwaka mzima, hatujafa."

'Malipuo akasema, "Wangu amekufa."

Yule mama aliliachia pipa.

"Basi tulichome moto liishe," alisema.

"Usichome. Moshi wake nao ni sumu. Toboa. Tutayarudisha kwa mwenyewe."

Waliyarudisha. Wanawake walikwenda joshoni na mapipa yaliyotobolewa, wameyafunga kwa kamba kwenye miti ya kubebea mabegani, wawili wawili, hakuna aliyeweka la kwake kichwani. Msimamizi alitoka nje.

"Ni nini hiki? Niliwapa bure, ndiyo shukrani yenu?" Alimnyooshea kidole 'Malipuo. "Wewe ndiye kiongozi wao? Wewe ni nani?"

"'Malipuo."

"Nimekuuliza wewe ni nani, sikukuuliza unaitwaje."

"Nami nimekujibu. Mama Lipuo. Lipuo yuko chini ya mawe nyuma ya zizi letu. Ulimpa baba yake pipa."

Msimamizi aliyatazama mapipa, akawatazama wanawake. Alifunga lango. Kutoka upande wa pili alisema kwamba mwenye malalamiko ayapeleke mjini.

Waliyapanga mapipa mbele ya lango mpaka gari lisiweze kutoka. Seipati na 'Malipuo walikwenda mjini kweli. Walikalishwa kwenye benchi. Waliambiwa warudi. Walirudi. Waliambiwa tena. Hakuna aliyeshtakiwa mpaka leo, na hakuna aliyekuja kuomba radhi kwenye yale mawe. Lakini msimu uliofuata mapipa yalitobolewa joshoni, mbele ya macho ya wafanyakazi, na hakuna mwanamume aliyerudi nyumbani na pipa mgongoni mwa punda. Jambo hilo lilipatikana. Ni dogo. Ukililinganisha na Lipuo linakuwa dogo zaidi.

*

Ulibaki udongo.

Bibi 'Mapheello aliutafuta majira yote ya kuchipua. Alitembea na fimbo yake, akichimba hapa na pale, akionja kwa ulimi, akitema. Mwishowe aliupata mahali barabara ilipochongwa kwenye ubavu wa mlima. Ulikuwa mwekundu, wenye kokoto.

"Huu si udongo," alisema. "Huu ni uji wa mawe. Lakini ndio tulioachiwa."

Walitwanga, wakachekecha, wakakanda, yeye na 'Malipuo. Walichoma vyungu kwa samadi kavu. Vya kwanza vilipasuka vyote. Vya pili vilipasuka pia. 'Malipuo alisikia "ta!" moja baada ya nyingine kutoka kwenye moto, na kila moja alifumba macho. Alitaka kuacha. Bibi hakumbembeleza. Alimwekea tu donge jingine mbele yake.

Mara ya tatu kilitoka kimoja kizima. Kilikuwa kidogo, kimeinama upande mmoja. Hakikuhitaji kuvishwa. 'Malipuo alikipiga kwa ukucha, kikaitika vizuri.

Walichachua uji wa mtama ndani yake. Siku ulipokuwa tayari walikaa wote ndani, na bibi alikuwa amempakata Nthati mapajani. Mikono ya mtoto bado ilikuwa inatetemeka. Alishika bakuli kwa mikono miwili, na bibi alilishika kwa chini ili asimwage. Hakuna jicho lililotoa machozi kwa sababu ya uji.

Pheello aliinama akachungulia ndani ya chungu.

"Ni kidogo mno," alisema. "Kwenye kile cha zamani tulipata mabakuli matano, na la mgeni juu."

'Malipuo alikwisha kuchota. Bakuli la mume, bakuli la bibi, bakuli la Nthati, na lake. Kata iligusa chini. Aliyaacha machicha mahali pake, kwa ajili ya uji utakaofuata.

"Kinatosha," alisema.

Wakanywa.